Mwenye Nyumba Habishi Hodi

Kibiriti alitumwa kuchukua betri.

Ilikuwa safari ya kwenda na kurudi tu, kutoka nyumbani hadi kwa fundi wa redio na televisheni, na jua lilikuwa bado limekalia antena za mapaa. Lakini mama alimsindikiza mpaka kizingitini, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akamwambia, "Mwanangu, usisimame njiani. Leo ndiyo leo."

Kibiriti halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na kaka yake, kwa kuwa utotoni alikuwa msichana wa mwili kijiti, kichwa kikubwa. Jina likamganda kama gundi, na aliyelitoa hakuwapo tena kulifuta. Kaka aliugua kifua. Aliugua akiwa kijana wa karakana ya matairi, mwenye mikono myeusi na kicheko cha kuamsha watoto wa jirani. Alipozikwa, Kibiriti aliacha shule akakaa na mama kwenye kushona, maana mikono miwili haikutosha kuilisha nyumba.

Alichowaachia kaka kilikuwa gemu.

Mtu asicheke. Kaka aliinunua dukani kwa jasho lake, sidii ndani ya kasha, pamoja na mashine ya kuichezea kwenye televisheni, na ilikuwa gemu ya kijiji. Kila mchezaji hujenga nyumba yake, na majirani zake ni wachezaji wengine huko waliko, hata ng'ambo. Siku ambazo kaka hakuweza tena kuinua tairi, alijenga. Alijenga vyumba vitatu, kimoja kwa kila mmoja wao, akaupaka mlango rangi ya bluu. Chumba cha mama akakiwekea cherehani dirishani penye mwanga. Cha Kibiriti akakiwekea meza ya shule. Na gemu hiyo ilimruhusu mwenye nyumba kuweka sauti yake mlangoni, ili mgeni akibonyeza kitufe cha kubisha, nyumba imwitikie kwa sauti ya mwenyewe.

"Karibu, karibu. Viatu nje, mama kadeki."

Ndivyo ilivyosema nyumba ya kaka. Kisha kicheko kidogo. Kisha kikohozi alichojaribu kukimeza, kikamshinda.

Kila jioni mama alifunika cherehani, akanawa mikono kana kwamba anakwenda kula, akakaa mbele ya televisheni na kubonyeza kitufe. Mwanawe akamkaribisha. Mara moja tu kwa jioni moja. Hakutaka kuwa mlafi. Aliitumia sauti hiyo kama mtu atumiavyo chumvi ya mwisho kwenye kopo.

Halafu kampuni yenye gemu ikatangaza. Maandishi yalitokea kwenye kioo: kijiji kinafungwa, siku fulani jioni, baada ya hapo gemu haitafunguka tena, asanteni kwa kuwa nasi.

Kibiriti alimsomea mama. Mama akasema, "Rudia." Akarudia.

"Haitafunguka kwa nani? Si tulinunua?"

Mjomba, aliyekuja kuangalia dada yake ameamkaje na kukuta chakula kimeiva, alikuwa amejilaza mkekani akichokonoa meno. "Dada, mlinunua sidii," alisema. "Hamkununua kampuni."

Kibiriti alijaribu la kwake. Aliirekodi ile sauti kwa simu, karibu kabisa na spika, akampelekea mama. Mama aliisikiliza mara moja, akaiweka simu mezani taratibu.

"Hii ni picha ya sauti," alisema. "Mimi nataka nibishe, anifungulie."

Ndiyo maana jioni hiyo Kibiriti alikuwa njiani.

Kwa fundi kulinuka vumbi lililopata moto na risasi ya kuchomelea. Redio zilikuwa zimepasuliwa matumbo juu ya meza, televisheni zimegeuziwa ukuta kama watoto walioadhibiwa. Fundi mwenyewe, mtu wa kitambi na utani, alikuwa ameshika waya kwa meno.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Kibiriti. Hujawaka bado?"

"Mama kasema nisichelewe."

"Betri inamalizia kunywa chaji. Kaa." Akautoa waya mdomoni. "Mnakumbuka nilivyowaambia? Hiyo gemu huomba ruhusa kwa kampuni pale inapofunguliwa. Ikishafunguka, haiombi tena. Kwa hiyo msiizime. Umeme ukikatika, betri itaibeba. Lakini siku mtakayoizima, basi, kwaheri ya kutoonana."

"Lakini ni yetu, fundi."

"Ni yenu, nani amekataa? Mmenunua mlango. Ufunguo wamebaki nao wao."

Akaingia chumba cha nyuma.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, shuka jeusi mabegani. Alikuwa amepakata simu ya mezani, zile za zamani zenye waya uliojisokota. Waya wenyewe ulikuwa umekatwa. Ulining'inia tu miguuni pake, haujachomekwa popote. Kibiriti alimwamkia, asijibiwe. Akakaa ncha ya pili ya benchi. Hapo ndipo harufu ilipomfikia... harufu ya udongo mbichi, uliotoka kuchimbwa.

Kisha sauti. Ya kike, ya chini, kavu kama majani.

"Na wewe unamtunza mtu?"

Kibiriti aliitikia kwa kichwa.

"Na mimi wangu nilimtunza. Walipokuja kukata laini, niliwaficha simu."

Kibiriti alitazama magoti yake.

"Sikiliza, mtoto. Nyumba ikishatengwa na wenzake haikai tupu. Kitu kitakuja kubisha hodi. Msiitikie."

"Kitu gani?"

"Msiitikie. Hata kikija na sauti yake."

Pazia la chumba cha nyuma likafunuka. Fundi alitoka amekumbatia betri.

"Unaongea peke yako, Kibiriti? Ndizo dalili za wazimu hizo."

"Naongea na huyu mama."

Fundi alicheka kwa pua. Alipompa betri, alimwinamia sikioni. "Huyo ni bubu. Huja kila jioni na simu yake nimtengenezee. Nimeifungua, ndani hamna kitu. Ganda tupu. Nikimwambia hivyo analia, basi namwacha akae."

Kibiriti akageuka.

Mwanamke alikuwa akimtazama kwa macho yaliyojaa maji. Midomo yake ilikuwa imefumbwa. Na Kibiriti akakumbuka kwamba ilikuwa imefumbwa muda wote.

Mkono wa simu ulilala mapajani mwake, tundu za sauti zimeangalia juu.

Alikimbia na betri yote ile nzito hadi nyumbani. Alimweleza mama pale pale mlangoni, akitweta, bila kuacha kitu. Mama akampangusa jasho kwa ncha ya kitambaa chake. "Sawa, hatutaitikia," alisema, kama mtu anavyomkubalia mtoto kwamba chini ya kitanda kuna simba.

Saa ilipofika, walikuwa wamekaa watatu mbele ya televisheni, mjomba naye hakutaka kupitwa. Kijijini taa zilianza kuzimika. Nyumba ya yule jirani mwenye kuku ikafutika, na kuku wake. Ikafutika ya ghorofa. Kisima kikafutika, barabara ikafutika, mpaka ikabaki nyumba ya kaka peke yake, na pande zote weupe mtupu, kama karatasi isiyoandikwa. Maandishi yakapita: mawasiliano yamekatika.

Mama akabonyeza kitufe.

Kimya.

"Karibu, karibu. Viatu nje, mama kadeki."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Mjomba akajipiga paja. "Haya, mmeishinda kampuni. Sasa mtailea hiyo televisheni mpaka lini? Ikioa?"

Waliilea. Mashine haikuzimwa mchana wala usiku. Kibiriti aliiwekea feni na kuipapasa mgongo kila mara, kama mtu anavyompima mgonjwa homa. Umeme ulipokatika, betri ililia kidogo, pii, ikaubeba mzigo. Watoto wa jirani walikatazwa hata kucheza karibu na soketi. Na kila jioni mama alinawa mikono, akabisha, akakaribishwa.

Mpaka jioni ile ambayo mama alinyoosha kidole, na kabla hajafika kwenye kitufe...

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi."

Sauti ilitoka kwenye televisheni. Ilikuwa ya kaka.

Kidole cha mama kiliganda hewani. Kaka hakuwahi kuliweka neno hilo mle ndani. Aliweke la nini? Mwenye nyumba habishi hodi kwake.

Kwenye kioo, nje ya mlango wa bluu, pale kwenye weupe, alikuwa amesimama mtu. Hakuwa na uso. Mahali pa uso palikuwa laini kama kisigino cha mtoto. Lakini viatu alikuwa navyo. Viatu vya matope.

"Hodi, mama."

Mama akafungua kinywa. Kibiriti alimrukia, akamziba kwa viganja vyote viwili, na chini ya viganja aliisikia midomo ya mama ikilifinyanga lile neno, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha ikatulia. Mtu wa mlangoni alisubiri. Alisubiri sana. Giza lilipokamilika dirishani, hakuwapo tena.

"Unamzuia mwanangu mlangoni?" mama aliuliza. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Si yeye, mama."

"Umejuaje?"

"Kaka hukohoa. Huyo hakukohoa."

Mama aliitazama mikono yake aliyokuwa ameinawa.

"Labda amepona," alisema.

Kesho yake asubuhi Kibiriti alisimama mbele ya mashine, kidole juu ya swichi. Hakubonyeza. Angezima nini? Kile kilichobisha, au kaka? Wote walikuwa ndani ya kasha moja. Na kaka alishazikwa mara moja, kwa mikono ya watu wengi. Mara hii angezikwa kwa kidole cha dada yake.

Alikwenda kwa fundi. Benchi lilikuwa tupu. Fundi alimsikiliza akikuna kitambi, na kwa mara ya kwanza hakufanya utani.

"Mimi hutengeneza vilivyoharibika," alisema. "Hicho chenu kinafanya kazi."

Alimwomba mjomba aje jioni. Mjomba alikuja na vicheko vyake, akakaa, akaisikia ile hodi, akauona ule uso usiochorwa. Alivaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, cha kushoto mguu wa kulia, akaondoka hivyo hivyo bila kuaga. Jioni hiyo Kibiriti alimziba mama kinywa peke yake. Na mama hakupigana. Alilia tu kimya, machozi yakipita kati ya vidole vya binti yake.

"Nimechoka, Kibiriti," alisema ilipokwisha. "Na wewe umechoka. Kesho uizime. Ila uniachie nibishe kwanza, mara moja, nimsikie. Halafu uizime."

Walikubaliana hivyo.

Kesho yake mama alishona mpaka alasiri, kisha akadeki nyumba nzima, kwa maji mengi, akipiga magoti pembeni. Alivaa gauni alilojishonea kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili ya sherehe ambayo haikufika. Jua liliposhuka, umeme ukakatika, kama kawaida yake. Betri ikalia, pii, ikaubeba mzigo. Mama akaenda jikoni kunawa.

Kibiriti alikaa kwenye mkeka, mkono mmoja umeshika waya unaotoka kwenye betri. Alitazama kioo. Nyumba. Mlango wa bluu. Weupe. Hakukuwa na mtu nje. Alitazama tena, pembe hadi pembe, asiamini bahati yake.

Hayupo.

Jikoni maji yalikuwa yakichuruzika. Mama alikuwa akiimba kidogo kidogo, wimbo usio na maneno. Kibiriti akashusha pumzi.

Ngo. Ngo. Ngo.

Haikutoka kwenye televisheni.

Ilitoka kwenye mlango wa mbao. Mlango wao. Wa nyumba yao.

"Hodi wenyewe..."

Na mama, aliyekuwa jikoni na mikono yenye povu, mama ambaye tangu alipojua kusema hajawahi kuiacha hodi ya mtu ianguke chini, mama ambaye alionywa juu ya televisheni na si juu ya mlango, aliitikia kama anavyoitikia kila mtu aliyelelewa vizuri.

"Karibu."

Kibiriti aling'oa waya. Kioo kikafa. Feni ya mashine ikazunguka, ikazunguka polepole, ikasimama. Mlango wa mbele haukufunguka. Komeo halikusogea. Hakusikia hatua yoyote.

Ila harufu aliisikia. Udongo mbichi.

Ndipo alipoona sakafu. Sakafu aliyoideki mama, ambayo ilikuwa bado haijakauka vizuri. Kutoka mlangoni hadi kwenye televisheni kulikuwa na nyayo za viatu vya matope. Za kuingia. Za kutoka hazikuwapo.

Mama alitokeza jikoni akifuta mikono kwenye gauni. Alizitazama nyayo. Alimtazama binti yake. Akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu.

Akafungua tena, mishipa ya shingo ikasimama, na hakikutoka kitu, hata mkwaruzo. Akashika koo lake kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

Na kutoka kwenye televisheni, nyeusi, isiyo na umeme, isiyo na betri, sauti ya mama ikasema kwa upole sana:

"Karibu, mwanangu. Viatu nje, nimedeki."

Kikafuata kicheko cha mwanamume. Hakikufuatwa na kikohozi.

Hospitali walimmulika mama kooni kwa tochi, wakasema koo ni zima, labda ni mshtuko, apumzike. Mjomba alipiga namba iliyochapwa nyuma ya kasha la gemu. Iliita, ikaita, haikupokelewa. Hapakuwa tena na mtu wa kuipokea. Kibiriti aliibeba mashine kwa fundi. Fundi akaifungua kwa bisibisi, akachungulia, akamulika.

"Ndani hamna kitu," alisema. "Ganda..."

Hakumaliza. Alilitazama benchi, kisha akamtazama mama aliyekuwa amekaa juu yake, shuka mabegani, midomo imefumbwa. Alirudisha parafujo zote mahali pake bila kuinua tena macho, na alipowasindikiza nje aliwaomba radhi, lakini hakusema ni kwa kosa gani.

Siku hizi nyumba ile haina wageni. Watu huchoka kubisha kwenye mlango usioitikia. Wanasema wale wawili wamejaa maringo tangu msiba, na Kibiriti hawezi kuwaeleza kwa nini anayetaka kuingia lazima apitie dirishani kwanza aonekane.

Kwa maana jua likizama tu, mlangoni huja hodi.

Ni sauti ya mama. Mama mwenyewe amekaa mkekani, bega kwa bega na binti yake, anamtazama. Na sauti yake iko nje ya mlango, inabembeleza.

"Kibiriti. Nifungulie, mwanangu. Njoo uone meza yako ya shule. Kaka yako ameifuta vumbi."

Vyumba vitatu, alivyojenga kaka. Kibiriti hujaribu kutovihesabu.

Akiwa macho, ananyamaza. Lakini anaogopa usingizi, kwani aliyelala hasahau malezi, hodi ikimfikia ataitikia. Kwa hiyo kabla giza halijaingia hujifunga kitambaa kinywani, kitambaa cha kichwa cha mama, na mama humsaidia kukaza fundo kisogoni, akihakikisha halilegei, kisha humpapasa nywele.

Jioni moja hivi karibuni, Kibiriti alisinzia mapema. Uchovu ulimzidi akiwa ameegemea miguu ya mama. Katikati ya usingizi aliusikia mlango.

Ngo. Ngo.

"Mwanangu..."

Na kisogoni, taratibu, kwa vidole alivyovijua tangu kuzaliwa, vidole vya mshonaji visivyokosea fundo, alimsikia mama akianza kukifungua kitambaa.